Siku Niliyouza Maharagwe ya Cucu Wairimu

Mkija kwangu Ruiru, chai mtapata na sungura wangu mtawaona, lakini kwanza lazima mtazame ukuta. Kuna fremu mbili. Ya kwanza ina diploma yangu ya sheria, niliyoisomea jioni katika chumba kilicho juu ya duka la viatu, Thika mjini, baada ya kurudi kutoka Doha nilikokuwa mtunza stoo kwa miaka tisa. Wenzangu walirudi na televisheni za kujaza ukuta. Mimi nilirudi na karo. Fremu ya pili ina hati ya kiapo ya kurasa mbili, yenye muhuri wa korti, ambamo mimi, dalali mwenye leseni, naapa kwamba nilibandika tangazo la mnada kwenye shamba la mtu asiyehusika.

Wageni huniuliza kwa nini nimetundika aibu kando ya fahari. Nawaambia wakae chini. Nanyi pia kaeni, kwa sababu nawajua. Mmoja wenu atasikia kwamba korti inauza ploti, atapiga hesabu kichwani, atakimbilia mnadani, na nyundo ikilia atapiga picha ya selfi. Halafu ataamka kesho yake ajiulize: sasa?

Nilifanya udalali wa mahakama kwa miaka ishirini na moja, na sijui mtu kati ya Thika na Ruiru aliyeufanya vizuri kunishinda, isipokuwa aliyenifundisha. Dalali wa mahakama si yule anayekuzungusha kuona nyumba za kupanga halafu anakuomba ya soda. Mtu akishindwa kesi na akakataa kutimiza alichoamriwa, korti inaweza kuamuru ardhi yake iuzwe hadharani. Hapo ndipo nilipokuwa nikiingia mimi na matangazo yangu, misumari yangu na sauti yangu. Sauti nilikuwa nayo. Nikisema "mara ya tatu na ya mwisho" nje ya soko la Ruiru, wauza ndizi walikuwa wanaacha kuhesabu chenji.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Njuguna. Alikuwa na darasa la nne, kofia moja, na macho ya mwewe. Ndiye aliyenipa jina la Diploma, na halikuwa jina la heshima. Siku ya kwanza aliniambia, "Diploma, nyundo ikilia mnunuzi hudhani amefika. Mwambie ndio anatoka nyumbani." Siku ya pili akaniambia, "Kabla hujapiga msumari, tafuta majirani watatu wasiopendana, uwaulize ploti iko wapi. Wakikubaliana, hapo ndipo penyewe."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari. Nilikuwa na mwandiko mzuri sana. Kuyafuata ndiyo niliona ni kazi ya watu wasio na diploma.

Basi kulikuwa na mtu wa Ruiru, nitamwita Kamande, muuza mawe ya ujenzi, mcheshi, mwenye mabega ya mlango. Alishindwa kesi na mteja ambaye ukuta wake ulilala chini kabla hata haujapakwa rangi. Kamande akapuuza hukumu, na korti ikaamuru ploti yake ya Kimbo iuzwe. Faili ikaja mezani kwangu. Hati ilisema wazi: ploti namba 87.

Nikampelekea Kamande ilani mkononi, akatia sahihi huku akinitania kuhusu tai yangu. Nikaenda Kimbo. Pale steji ya matatu nikawakuta wazee watatu kwenye benchi moja wakicheza drafti, nikawauliza ploti themanini na saba iko wapi.

"Themanini na saba?" mmoja akasema. "Si ni ile ya kona."

"Ya kona," wa pili akasema.

"Kona kabisa," akamaliza wa tatu.

Watatu wamekubaliana! Nikajisemea, tazama, hata ya Mzee Njuguna nimeyatimiza. Sikujiuliza kama watu wanaokunywa chai kutoka chupa moja ya thamosi ni majirani wasiopendana. Nikaenda kwenye kona, nikakuta kipande kizuri cha udongo mwekundu, kimelimwa, kimenyooka kama meza. Nikapigilia tangazo langu kwenye nguzo ya ua kwa misumari minne.

Siku ya kuonyesha ploti wakaja watu watatu. Mmoja alikuwa Mama Nekesa, mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda kimoja cha Thika, mzaliwa wa Webuye, mwanamke ambaye akikuangalia unajikagua kama umenawa mikono. Alikuwa akiishi kwenye nyumba za kiwanda. Aliniambia jambo moja tu, nami nalikumbuka kwa sababu lilikuja kuniuma baadaye: "Nimebakisha miezi sita nistaafu, na siku hiyo hiyo natoka kwenye nyumba yao. Akiba yangu yote ya chama iko hapa. Nikikosea, sina pengine."

Nami nikamjibu kwa sauti ile ya soko, "Mama, kwangu mimi hakuna kukosea. Ona, hata kulimwa imelimwa!"

Mnada ukafanyika. Wenzake walipandisha bei kwa kelele. Yeye alipandisha kama anayeongeza chumvi, kidogo kidogo, akionja. Nyundo ikalia, ikawa yake. Akaweka amana palepale, na salio akalifikisha kortini ndani ya siku zilizowekwa. Hilo la salio lisikieni vizuri. Mnunuzi anayechelewesha salio huweza kupoteza amana yake na ploti pia, na hakuna hakimu atakayemfuta machozi.

Hakungoja korti ithibitishe mauzo. Wiki ya pili akapakia nguzo za ua na waya wa miiba kwenye pikapu, akaenda Kimbo. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na wote wawili, na hadithi zao zinapatana ila kwenye suala la nani alicheka kwanza.

Alimkuta bibi kizee ameinama katikati ya mistari ya maharagwe yaliyotoa majani mawili mawili. Huyo ndiye Cucu Wairimu, yaani Bibi Wairimu kwa Kikuyu.

"Habari yako, mama. Umepotea?"

"Mzuri, Cucu. Sijapotea. Hii ni ploti yangu."

"Haiya! Yako? Na maharagwe ni ya nani?"

"Kama yamo ndani ya ploti yangu, itabidi tuongee."

"Basi keti tuongee. Mimi nimeongea na ploti hii tangu siku ya kura." Akatoa kifuko cha plastiki kutoka kifuani, na ndani ya kifuko hati miliki, na ndani ya hati miliki kikaratasi cha kura kilichofifia. "Na lile karatasi lililokuwa kwenye nguzo, ni wewe uliliweka?"

"Ni dalali wa korti."

"Nilidhani ni la krusedi ya injili. Nikalifunikia mbegu."

Alasiri hiyo Mama Nekesa alifungua mlango wa ofisi yangu Thika bila kubisha. Akaweka juu ya meza yangu jani moja la maharagwe.

"Diploma. Umeniuzia maharagwe ya watu."

"Haiwezekani, mama."

"Yako na mwenyewe. Anaitwa Wairimu na ana hati."

"Hati zinaghushiwa siku hizi."

"Na maharagwe yanaghushiwa?"

Nilifungua faili kwa madaha. Nikatoa taarifa ya mthamini, yule mtaalamu aliyepima thamani ya ploti kabla ya mnada, nikaisoma kwa sauti ili aone anashughulika na msomi. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba ploti namba 87 iko mwisho wa safu, na juu yake mpangaji amejenga kanisa la mabati. Nikaurudia mstari huo kimoyomoyo. Taarifa ile ilikuwa kwenye faili yangu tangu mwanzo. Sikuwa nimeisoma zaidi ya ukurasa wenye bei.

"Endelea," akasema Mama Nekesa. "Ulikuwa unasoma vizuri."

Hapa ndipo mjifunze kitu ambacho sikufundishwa darasani. Sehemu kubwa ya Kimbo ilitokana na kampuni za kununua mashamba. Wanachama walipiga kura, kila mmoja akachota kikaratasi chenye namba, akaenda kusimama kwenye ploti yake. Baadaye wapima ardhi wakaja na ramani zao wakazipa ploti namba upya, na namba hizo ndizo ziko kwenye hati. Wenyeji hawakuhangaika nazo. Kwao, ploti ni ile namba ya kura. Ukiwauliza 87 wanakupeleka kwa Cucu Wairimu, ambaye kwenye hati yake ni 112. Wazee wa drafti hawakunidanganya hata kidogo. Niliuliza swali la karatasi, wakanipa jibu la kura.

Nilijiandaa kufokewa. Mama Nekesa akavuta kiti, akaketi, akasema, "Sasa hiyo diploma ifanye kazi. Mimi niko na haki gani?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Korti haiuzi kama muuza mitumba anayekwambia ikikubana urudishe. Hakuna mtu aliyekuahidi kwamba ploti ni ya kona, wala kwamba haina mawe. Lakini mnunuzi hakuachwa uchi. Milango yake ilikuwa miwili, na yote ilikuwa wazi kwa kuwa korti ilikuwa haijathibitisha mauzo. Wa kwanza ni kuomba mnada ufutwe, kwa sababu tangazo lilikuwa na kasoro na kasoro hiyo imemuumiza. Ukifutwa, fedha zake zinarudi. Na kama Kamande angekuwa hana haki yoyote kwenye ploti iliyouzwa, ningemwambia aukimbilie mlango huo bila kuvaa viatu. Wa pili ni kuishikilia ploti iliyoandikwa kwenye karatasi: aombe mauzo yathibitishwe, apewe cheti cha mauzo, asajiliwe, kisha akabidhiwe ardhi, na akizuiwa asipigane bali arudi kortini alalamike kwamba amezuiwa. Kila mlango una siku zake. Korti ikishathibitisha, ule wa kwanza unafungwa kwa komeo.

Mlango wa tatu haupo, ingawa ndio unaopitiwa na wengi. Niliwahi kumuuzia mwalimu mmoja nyumba kule Kahawa Sukari kwa amri ya korti. Mwenye nyumba wa zamani akagoma kutoka. Badala ya kurudi kwa hakimu, mwalimu akakodi vijana wenye marungu, wakavunja mlango. Alishtakiwa kwa kuvunja mlango ambao ulikuwa njiani kuwa wake. Alinipigia simu kutoka kituo cha polisi akiniuliza kama hilo limo kwenye diploma. Nikamwambia limo, ukurasa wa kwanza.

Mama Nekesa alisikiliza yote, akasema, "Twende tuione hiyo yenyewe."

Safari hii tulikwenda na mpimaji ardhi na ramani. Ploti ilikuwa mwisho wa safu, ukubwa ule ule, udongo ule ule, bila kona. Katikati yake kulikuwa na kanisa dogo la mabati, la Pasta Ezekieli, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, aliyekuwa amekodi uwanja huo kwa Kamande na kubakisha miezi minne kwenye mkataba wake. Mama Nekesa akazunguka. Akachota udongo akaunusa. Akaangalia jua linatoka wapi.

"Ya kona ilikuwa nzuri zaidi," nikasema kwa unyonge.

"Ya kona ni ya Wairimu," akajibu. "Mimi nilikuja kutafuta pa kulala, sikuja kutafuta kona. Naishika hii."

Basi mlango wa pili. Lakini kumbe kuna mtu alikuwa akitutazama tangu mwanzo. Kamande aliliona tangazo langu kwenye kona siku ile ile niliyolipigilia. Nasikia aliwanunulia soda watu wote wa steji, akasema amemwona msomi akiuza shamba la wenyewe. Akakaa kimya akijua ploti yake haitaguswa na mtu. Alipoona sasa mpimaji yuko kanisani na ramani, akajua soda alizinunua mapema. Akakimbia kwa wakili, akaomba korti ifute mnada, sababu yake ikiwa kwamba tangazo halikuwahi kubandikwa kwenye ploti yake. Na alikuwa anasema kweli.

Korti ikanitaka niape nilibandika wapi.

Vijana, siku hiyo nilimwita Mama Nekesa ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mke wangu. "Nikiapa kweli, jina langu limekwisha hapa Thika, na huenda Kamande akashinda, ploti ikamrudia. Fedha zako zitarudi, ndiyo, lakini lini, na kwa miezi uliyobakisha utapata wapi nyingine? Nikiapa kwamba nilibandika kanisani, hakuna atakayebisha. Karatasi lenyewe lilioza juu ya mbegu."

"Cucu Wairimu atajua."

"Cucu haendi kortini."

"Na mimi nitajua kila nikifagia." Akanitazama vile anavyotazama mtu aliyekuja kantini na mikono michafu. "Diploma, ugali ukiungua huwezi kuuficha chini ya sukuma wiki. Watu watanusa tu. Nyumba yangu isianze na harufu. Andika ulichofanya."

"Ukipoteza ploti?"

"Nitakuwa nimepoteza ploti. Andika."

Nikaandika. Kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri, kabla ya kupelekwa kuchapwa. Ndizo zilizo kwenye fremu ya pili.

Hakimu alikuwa mama mwenye miwani na subira. Alizisoma kurasa zote mbili pole pole huku mimi nimesimama mbele ya kila mtu niliyewahi kumpigia majigambo. Kisha akainua macho.

"Bwana dalali, una diploma?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ya sheria?"

"Ya sheria, Mheshimiwa."

"Naona. Sikudhani ni ya jiografia."

Korti nzima ikacheka. Mzee Njuguna, aliyekuwa ameshastaafu na alikuja makusudi, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kamande ndiye aliyecheka kwa sauti zaidi, na hapo ndipo hakimu akamgeukia.

"Bwana Kamande, uliletewa ilani mkononi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sahihi hii ni yako?"

"Inafanana."

"Inafanana na ya nani?"

"Na yangu, Mheshimiwa."

"Ilitaja ploti gani?"

"Themanini na saba."

"Ambayo unaijua iko wapi."

"Naijua."

"Na tangazo la kwenye kona uliliona?"

Kamande akajikuna shingo. Cha ajabu ni kwamba mcheshi hawezi kuacha hadithi nzuri bila kuimaliza. "Niliona, Mheshimiwa. Nikaona ameuza ya wenyewe, nikasema wacha nisimharibie kazi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza kabisa."

Hakimu akafungua ile taarifa ya mthamini niliyokuwa nimeipuuza. Ilikuwa ya ploti sahihi, kanisa na yote, na bei aliyotoa Mama Nekesa ilikuwa juu kidogo ya iliyokadiriwa. Akamuuliza Kamande kosa la dalali lilimletea hasara gani. Kamande akafikiri, akasema hasara ni kwamba ploti imeenda.

"Hiyo haikuletwa na tangazo," hakimu akasema. "Hiyo imeletwa na kushindwa kesi."

Kosa lilikuwepo, akasema, tena la aibu, na dalali atalipia gharama za siku hiyo mwenyewe. Lakini kosa peke yake halifuti mnada kama aliyelalamika hakuumizwa nalo, na alijua, na akangoja aone upepo utavuma wapi. Ombi likatupwa. Mauzo yakathibitishwa. Mama Nekesa hakupiga makofi wala vigelegele. Alifunga tu kitambaa chake upya, akafunga kwa nguvu.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini, lakini kumbukeni ya Mzee Njuguna: ndio kwanza anatoka nyumbani. Cheti cha mauzo alikipata. Kwenye ardhi kulikuwa na mpangaji mwenye mkataba halali, na mpangaji wa namna hiyo hafukuzwi kama kuku. Anatangaziwa hadharani kwamba mwenye ardhi amebadilika, na nakala ya cheti inabandikwa mahali panapoonekana. Mahali penyewe safari hii, tafadhali. Amri ya korti ilisema atangaziwe kwa namna inayozoeleka hapo. Kitabu changu cha diploma, kilichokuwa kikuukuu hata kabla sijakinunua barabarani, kilisema zamani ilikuwa kwa mlio wa ngoma.

Nikamuuliza Mzee Njuguna. Akasema, "Kitabu kimesema ngoma na bado unauliza? Peleka ngoma."

Ngoma sikuwa nayo. Jumamosi alasiri tukafika kanisani wakati kwaya inafanya mazoezi, nikamwona Pasta Ezekieli amekaa kando ya ngoma nzuri ya ngozi.

"Bwana asifiwe, Pasta. Naomba ngoma yako kidogo."

"Amina. Ya ibada?"

"Ya serikali."

Akanipa bila kuuliza zaidi, Mungu ambariki. Nikabandika cheti kwenye mlango wa mabati kwa misumari sita, nikapiga ngoma. Sitawaficha. Nilipiga kama mtu anayebisha hodi kwenye choo chenye mtu. Kwaya ikanyamaza kwa huruma.

"Lete hapa," akasema Mama Nekesa. "Utaitoboa kabla haijasema neno."

Akaining'iniza begani kwa mkanda wake, na mikono ile iliyosonga ugali wa kiwanda kizima ikaanza. Kule kwao, kanisa likitoka hutoka na ngoma mbele na watu nyuma. Alitoka nayo mlangoni, akashika mpaka, akatembea hadi bikoni ya kwanza, lile jiwe la mpaka. Kwaya ikamfuata bila kuambiwa. Bikoni ya pili, wapita njia wakasimama. Bikoni ya tatu, wazee wa drafti wakaja na benchi lao. Kwenye bikoni ya nne nikamwona Cucu Wairimu amefika, leso kiunoni, akicheza kuliko vijana. Hapo nikatoa sauti yangu ya soko, nikawatangazia wote kwamba ploti namba 87 ya kwenye hati, siyo ya kura, haki ya Kamande juu yake imehamia kwa Mama Nekesa kwa amri ya korti.

Pasta akanisogelea. "Kwa hiyo ngoma yangu imenitangazia mwenye nyumba mpya?"

"Ndiyo, Pasta."

"Na kodi ni kwake?"

"Kwake, mpaka mkataba uishe."

Akamtazama Mama Nekesa aliyekuwa bado anapiga. "Angalau huyu anajua ngoma," akasema.

Tangu siku hiyo hakuna mtu Kimbo asiyejua mipaka ya ploti ile, kwa sababu wote waliitembea. Miezi minne ilipokwisha, kanisa likahamia kwenye kona ya Cucu Wairimu, aliyesema maharagwe yake yameshavunwa na anaweza kuvumilia kelele siku ya Jumapili. Msingi ulichimbwa wiki hiyo hiyo, na Mama Nekesa akahamia chumba cha kwanza kabla ya kingine kuwekwa paa, siku mbili kabla ya kurudisha funguo za kiwanda.

Mwaka jana alinialika chakula. Nilishuka steji nikiwa nimevaa tai, nikaanza kufuata safu ya ploti. Ninyi mngetumiwa ramani kwenye simu. Mimi sikuhitaji. Mwisho wa safu kulikuwa na geti la chuma lililopakwa rangi ya samawati, na juu yake, kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka barabarani, kulikuwa na namba 87, na chini ya namba maneno manne:

DIPLOMA, NI HAPA. BISHA.